Mikoko: uchomeke mbegu, ulee kitalu, au uifungulie bahari njia?

Tope tupu lina sababu ya kuwa tupu. Ukikuta uwanja mpana wa matope Mikindani au Mtongwe, hapa Mombasa, hauna hata mche mmoja, na miti mama iko hatua chache kando yake ikidondosha mbegu kila mwaka, usidhani bahari imesahau kupanda. Kuna kitu kinachozikataa mbegu: ardhi iko chini mno na zinazama, au imeinuka na chumvi imeikausha, au mlango wa maji umezibwa. Kikundi kinachoanza kwa kuuliza "tupande miche mingapi?" kabla ya kuijua sababu hiyo huishia kupanda palepale kila mwaka.

Mombasa haina mikoko ya kuchezea. Mpango wa taifa wa usimamizi wa mikoko wa 2017–2027 unaipa kaunti yetu hektari 3,771 kati ya 61,271 za Kenya nzima. Lamu peke yake ina 37,350. Na hii yetu imekaa katikati ya mji. Hori ya Tudor, mkono wa bahari ulioingia bara, inapokea maji machafu ya mitaa iliyoizunguka, miti inakatwa kwa kuni na mkaa, na kila bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huleta mifuko, chupa na nyavu zilizochakaa. Mbinu iliyofaulu Lamu au Gazi haichukuliwi ikapandikizwa hapa vivi hivi.

Njia zilizopo ni 3. Unaweza kuchomeka mbegu moja kwa moja kwenye tope, au kulea miche kitaluni kwa miezi kadhaa kisha kuihamisha, au kurekebisha maji na kuiacha miti ijipande. Tusifichane tunakoelemea: tungeanza na hiyo ya mwisho, tungechomeka mbegu pale inapobidi, na kitalu tungekiweka kwa aina mbili za miti na sehemu chache ngumu. Vikundi vingi huenda kinyumenyume, maana kitalu kinaonekana na kinatoka vizuri kwenye picha.

Pima kabla ya kuchagua

Mikoko huishi nusu ya juu ya kupwa na kujaa, kuanzia karibu na usawa wa kati wa bahari hadi pale bamvua kubwa linapofika. Chini ya hapo ni pa wachimba chambo, ndege na nyasi za bahari. Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ya maji mafu, yaani yale madogo ya kati ya bamvua mbili, karibu mita 1 tu. Kwa hiyo hatua chache za mteremko hubadilisha kabisa saa ambazo mche unakaa chini ya maji.

Kipimo chenyewe hakitaki mashine. Chagua siku ya bamvua isiyo na upepo. Maji yakiwa yamekupwa, simika vijiti 5 au 6 kwenye eneo tupu na kimoja kando ya mti mama mzima wa aina unayoitaka, ule ulio ukingoni mwa msitu upande wa bahari. Kwenye kila kijiti funga wima uzi wa pamba uliotiwa rangi ya chakula na kukaushwa. Maji yakijaa, rangi hutoka hadi pale yalipofikia. Yakishapwa, pima kutoka kwenye tope hadi alama hiyo. Uzi hunyonya maji kupanda kidogo, lakini hunyonya sawasawa kwenye vijiti vyote, hivyo tofauti kati yao haiharibiki.

Tuseme kijiti cha mti mama kinasoma sentimita 62 na vya eneo tupu vinasoma 95. Eneo lako liko chini kwa sentimita 33, na hakuna mbegu wala mche utakaoziba pengo hilo. Upungufu usiofika shubiri moja unavumilika kwa mkoko (hapa ni jina la aina moja, si la mikoko yote) na mlilana. Ukizidi hapo tafuta eneo jingine. Kijiti kikisoma 20 tu, basi umepanda juu, kwenye ardhi ya aina nyingine, mchu na mkandaa, na mkoko utakaouchomeka hapo utakauka kiangazi cha kwanza.

Kisha hesabu kilichopo. Chora miraba ya mita 5 kwa 5, isipungue 10, na uigawe miche inayojiotea kwa kimo: chini ya sentimita 40, kati ya 40 na 150, kati ya 150 na 300. Msitu unaojirudisha vizuri hukaribia uwiano wa 6 kwa 3 kwa 1. Ukikuta midogo tele na ya kati hakuna, mbegu zinafika ila kuna kinachoziua baadaye: mbuzi, miguu ya watu, plastiki. Ukiongeza mbegu hapo unamwongezea mbuzi chakula. Ukikosa hata midogo, tatizo ni maji au kimo cha ardhi, au miti mama imekwisha.

Kuchomeka mbegu

Njia hii ni ya miti ambayo mbegu yake huchipua ikiwa bado iko juu ya mti: mkoko, mkandaa na muia. Mbegu ya mkoko huwa na sentimita 40 hadi 70, ya mkandaa huwa nyembamba ya 20 hadi 30, ya muia ni fupi na nene. Mchu na mlilana haziingii hapa. Ukizichomeka mbegu zao kwenye tope la wazi, bamvua la kwanza linazizoa.

Okota zilizoanguka karibuni, au tikisa tawi uchukue zinazoachia zenyewe. Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda. Isiyokuwa na pete hiyo ukiivuta itatoka, lakini itaoza. Kagua kila moja kwa vidole: tundu dogo kama la sindano lenye unga ni kazi ya mende mtoboaji, itupe. Iliyochubuka nayo itupe. Zihifadhi kivulini chini ya gunia bichi; saa chache za jua kali kwenye mtumbwi zinatosha kuzimaliza. Pale penye kaa wengi, iache mbegu kwanza siku 5 hadi 7 ikiwa kivulini bila kuilowesha. Ikinyauka kidogo, kaa hupunguza hamu nayo kuliko ikiwa mbichi.

Kuchomeka kwenyewe ni kazi nyepesi, na ndiyo maana hufanywa vibaya. Ncha nene yenye rangi ya kahawia ndiyo inayoingia chini. Ncha yenye kichipukizi cha kijani kilichochongoka inabaki juu. Watoto wa shule wakiletwa kupanda bila kuonyeshwa hili, utakuta mistari mizima imepinduliwa. Isukume kwa mkono hadi sentimita 7 au hivi, kwa mkoko mrefu hata 10, kisha bana tope kwa vidole. Ukiizamisha nusu, kichipukizi hufunikwa na mchanga. Ukiigusisha tu, inaelea na kwenda zake. Tope likiwa gumu toboa kwanza kwa kijiti, usiigongee.

Nafasi ya mita 1 kwa 1 hula mbegu 10,000 kwa hektari, mita 1.5 hula 4,444, mita 2 hula 2,500. Sisi tungekwenda na 1.5 kwenye hori. Mita 1 ni ya watu waliotaka fito na pau za kuvuna mapema. Mita 2 inafaa pale tayari pana miche ya kujiotea ya kusaidia.

Siku ya kupanda nayo ni ya kuchaguliwa. Upande wa chini panda maji yanapoelekea kuwa mafu, ili mbegu ipate karibu wiki moja ya kushika kabla ya bamvua jingine. Upande wa juu fanya kinyume: panda mara tu baada ya bamvua, tope likiwa bado bichi, kwa sababu maji mafu hayatafika huko kabisa. Mwanzo wa masika ni bora kwa ardhi ya juu maana mvua inapunguza chumvi.

Zinakufa kwa nini? Kwenye ukingo wa bahari, viumbe vya gamba jeupe, vile vinavyokwaruza miguu kwenye ngazi za gati, hujibandika kwenye shina hadi mche ulemewe na kulala. Wingi wake ni dalili kwamba uko chini mno. Mwani unaoelea hujizungusha na kuuvuta mche kila maji yanapoondoka. Hori ya Tudor kazi hiyo hufanywa zaidi na mifuko na nyavu. Mtu mmoja akipita kila baada ya bamvua kwa miezi 6 ya kwanza akiondoa takataka kwenye miche, anaokoa mingi kuliko watu 100 watakaorudi mwakani kupanda upya.

Kitalu

Mchu na mlilana ndizo zinazostahili gharama yake. Mbegu ya mchu loweka siku moja hadi ganda lichubuke lenyewe, kisha iweke juu ya tope la kiriba, mfuko wa plastiki wa kulelea mche, nusu imezama na nusu iko wazi. Haivumilii kuhifadhiwa, panda ndani ya siku chache. Tunda la mlilana lina mbegu ndogo nyingi. Liache kwenye ndoo ya maji hadi lilainike na kuoza, lisugue, chuja, kisha mwaga mbegu kwenye kitanda cha tope laini. Zikitoa majani 4 hivi, zihamishie kwenye viriba moja moja.

Kitalu kikae pale bamvua linapofika lakini mawimbi hayafiki, chini ya kivuli cha makuti kinachopitisha nusu ya jua. Siku za maji mafu mwagilia kwa maji ya hori. Wanaomwagilia maji ya mfereji miezi yote hupata miche mizuri ya kijani ambayo hushtuka na kupukutisha majani wiki ya kwanza baharini. Mwezi wa mwisho punguza kivuli hatua kwa hatua hadi kiishe. Mkoko ukilelewa kitaluni huwa tayari kwa miezi 3 au 4, mchu kati ya 4 na 6, mlilana nusu mwaka au zaidi. Usikawie: mizizi ikianza kuzunguka ndani ya kiriba, mti huo utaangushwa na upepo wa kusi hata ukifika urefu wa mtu.

Jambo ambalo halisemwi kwenye mikutano ni uzito. Kiriba chenye kipenyo cha sentimita 10 na kimo cha 15 kinameza lita 1.2 za tope. Viriba 1,000 ni lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20, na tope hilo linachimbwa mahali fulani. Ukilichimba lote sehemu moja umetengeneza dimbwi ndani ya msitu unaotaka kuulinda. Chota kidogo kidogo, mahali pengi, kando ya mkondo. Kila kiriba kilichojaa kina karibu kilo 2, kwa hiyo miche 1,000 ni takriban tani 2 za kuvushwa kwa mtumbwi na kubebwa matopeni magoti yakizama. Mbegu 1,000 za mkoko zinakwenda kwa mtumbwi mmoja, safari moja.

Kitalu pia kinataka mtu wa kila siku. Panapokosekana mshahara wa mlinzi, kuku na mbuzi humaliza kazi ya miezi 4 kwa asubuhi moja. Faida yake ni kweli lakini ni nyembamba: mche wenye mizizi huvumilia ukingo wenye mawimbi kuliko mbegu tupu, na unaweza kupandwa msimu ambao mbegu hazipo. Siku ya kupanda, chana kiriba upande mmoja, kitoe kizima, tia kwenye mfuko wa kiunoni na uhesabu: vilivyotoka nyumbani na vilivyorudi vilingane. Kuacha plastiki matopeni kwa jina la hifadhi ni aibu inayoonekana maji yakipwa.

Kuifungulia bahari

Hii haina sherehe, na wafadhili huiona kama uvivu. Lakini mti mama mmoja wa mkoko hudondosha mbegu kuliko kikundi kitakavyochomeka, na kila mbegu hujaribu kimo chake yenyewe. Inayobaki hai ndiyo iliyopata pake. Msitu unaotokea unakuwa wa aina mchanganyiko, haufuati mistari, na hauna gharama ya miche.

Kazi iko kwenye maji. Tembea maji yakianza kujaa uone yanaingilia wapi na yanakwama wapi. Vizuizi vya Mombasa vinajulikana: kifusi cha ujenzi kilichomwagwa ukingoni, njia ya gari au ya miguu iliyotandikwa bila kalvati, tuta la bwawa la samaki lililoachwa, marundo ya matawi yaliyobaki baada ya watu kukata nguzo na boriti. Wakati mwingine kutoboa tuta mahali pawili na kuondoa matawi kunatosha. Mfereji wa kufungua uwe na mwinamo wa kuelekea mkondo mkubwa, ili maji yakipwa yaondoke yote. Maji yanayobaki yamesimama hupata joto, hujaa chumvi, na kuua miche kuliko ukavu. Fuata njia ya mkondo wa zamani kama bado inaonekana. Mkondo uliochorwa kwa rula huziba upesi.

Mahitaji yake ni mawili. Miti mama iwepo kwenye hori hiyohiyo, upande ambao maji yatazileta mbegu. Na kikundi kiwe na subira ya msimu mzima wa mbegu, ikiwezekana miwili, huku mbuzi na mashoka yakizuiwa. Ukipita msimu na miraba yako bado mitupu, ndipo uchomeke mbegu, na sasa utakuwa unapanda kwenye ardhi iliyotengenezwa.

Kuulinda msitu uliopo ni jirani wa njia hii. Mikoko Pamoja, mradi wa jamii wa Gazi, kule Kwale, iliyoanza kuuza hewa ukaa mwaka 2013, inasimamia hektari 117, na karibu zote ni msitu wa asili uliolindwa. Mashamba ya kupandwa ni sehemu ndogo tu.

Ipi iende wapi

Hori ya Mwache ni somo la peke yake. Mvua za El Niño za 1997–98 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, ukafunika mizizi ya kupumulia na miti ikafa imesimama. Penye udongo wa namna hiyo ardhi imeinuka kuliko ilivyokuwa. Kurudisha mkoko kwa sababu wazee wanakumbuka mkoko ni kupoteza mbegu. Pima, na mara nyingi kipimo kitakuelekeza kwa mchu au mkandaa.

Makupa na Port Reitz zina historia ya mafuta. Mwaka 1988 yaliyomwagika Makupa yaliua mikoko. Kabla ya kuchimba mfereji sehemu kama hizo, chimba shimo la sentimita 40 na uache maji yajae. Yakitoa utando wa rangi rangi na harufu, usifukue zaidi. Hapo kitalu kina hoja, maana mche wenye mizizi katika tope safi la kiriba una pa kuanzia.

Ukingo wa Tudor uliokatwa, wenye visiki na miti mama bado imesimama hapa na pale, unahitaji kufunguliwa maji na kulindwa. Jaza mbegu za mkoko kwenye mapengo tu. Visiki vya mkoko na mkandaa havichipui tena vikikatwa chini, vya mchu huchipua, kwa hiyo usiving'oe vya mchu. Ukingo wa nje unaopigwa na mawimbi ya meli na vivuko ni wa mlilana wa kitalu, upandwe nyuma ya miti iliyopo, kamwe si mbele yake. Mlilana nao una ugonjwa wake hapa pwani ya Kenya: wadudu watoboa matawi huukausha kuanzia juu, kwa hiyo usiufanye uwe aina pekee.

Idhini, na hesabu ya mwisho

Mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932. Chini ya sheria ya misitu ya 2016, kikundi huingia kupitia chama cha jamii cha misitu na mkataba na KFS, yaani Huduma ya Misitu Kenya. Kama mnatumia bandari ya wavuvi, kaeni na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kabla ya kusimika hata kijiti kimoja, kwa sababu mnaweza kuwa mnapanda juu ya njia ya mitumbwi. Kuchimba mfereji au kuondoa miti iliyokauka kunahitaji ruhusa ya maandishi. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako Mkomani, na swali lililokwenda na vipimo vya uzi na miraba hujibiwa haraka kuliko swali tupu.

Kwenye mkataba na mfadhili, msikubali lengo la "miche iliyopandwa". Andikeni miche hai baada ya miezi 12 na 24, ikiwemo iliyojiotea, kwenye miraba ya mita 10 kwa 10 iliyowekewa alama. Hesabuni mwezi wa 3, wa 6 na wa 12. Hai zikishuka chini ya nusu kabla ya mwezi wa 6, msijaze mapengo. Rudini kwenye vijiti na uzi. Alama za pembe za miraba ziwe fupi, zisizopita sentimita 30 juu ya tope, na vijiti vya kupimia ving'olewe siku hiyohiyo. Vikibaki, nyavu na mifuko hujikusanya juu yake na kulalia miche mliyoihesabu.